Mama wa Ukurasa wa Kwanza

Siku kumi na moja zilipita tangu mazishi, na Seremala hakupiga simu wala kutia mguu studio. Siku ya kumi na mbili, saa tisa alasiri, akaja.

Macho, mpigapicha mwenye studio, alikuwa na mteja. Mzee mmoja mwenye shingo ndefu alikuwa ameketi kwenye stuli mbele ya kitambaa cheupe, anataka picha ya pasipoti, na kila akiambiwa anyanyue kidevu, ananyanyua nyusi.

"Kidevu, babu. Si nyusi."

"Si ndicho hiki nimenyanyua?"

"Hizo ni nyusi, babu."

Hapo ndipo kivuli kilipoingia mlangoni. Macho hakuhitaji kugeuka. Harufu ya mbao mbichi na gundi ilimfikia kabla ya salamu, na moyo ukampiga kwa nguvu hadi akaogopa mzee atausikia. Picha ya kwanza ikatoka imetikisika. Ya pili mzee kafumba macho. Iliyofuata ikafaa. Akaichapa, akaikata vipande vinne kwa mkasi, akamkabidhi mwenyewe. Mzee akaziangalia moja moja kana kwamba zinatofautiana, maana alishaona kuna jambo na hakutaka limpite. Mwishowe akakosa kisingizio, akaaga.

Wakabaki wawili. Seremala alikuwa amekonda. Shati la kazi lilimning'inia mabegani, na ndevu alizokuwa akizinyoa kila Jumapili zilikuwa zimeota ovyo.

"Umekula?" Macho akauliza. Alikuwa amejiandalia maneno siku kumi na moja, na hilo ndilo lililotoka.

"Nikila nasikia mchanga mdomoni."

Seremala alikuwa amechimba kwa mikono yake kifusi kilichomfunika mdogo wake, pamoja na wengine, tangu mchana hadi askari walipowafukuza.

Jina la Macho alipewa mtaani, likamkaa. Kila Jumamosi gazeti moja la mjini lilikuwa na ukurasa wa picha zake: kinyozi akipuliza nywele shingoni mwa mteja, wanafunzi wakikimbia mvua na mabegi kichwani, bibi harusi akivuka dimbwi viatu mkononi. Hakuna mkubwa aliyewahi kutokea pale. Ulikuwa ukurasa wa watu wa kawaida, na wao waliupenda, wakaukata na kuubandika kwenye kuta zao. Ndivyo alivyomfikia Seremala miaka miwili nyuma, kwenye safu ya karakana za mbao. Aliinua kamera, na jamaa akaweka randa chini, akajiziba uso kwa ubao.

"Sura hii imenichukua miaka thelathini kuitengeneza, dada. Wewe unataka kuichukua kwa sekunde moja?"

Macho alicheka mpaka akakosa picha. Kesho yake akarudi bila kamera. Kesho kutwa pia. Walipokuja kushtuka, hakuna aliyeweza kumaliza siku bila kusikia sauti ya mwenzake.

Mgumu alikuwa mama yake Seremala. "Mwanamke anayeshinda barabarani na kamera shingoni," alikuwa akisema, "nyumba yake ataiona saa ngapi?" Lakini akalainika. Mara ya tatu kumwona alimshika Macho mikono yote miwili, akamwita mwanangu. Kitinda mimba wake, fundi vigae, kijana mwenye maneno kuliko redio, akapiga makofi: "Shemeji, hapo umeshaingia. Nyumba hii haina mlango wa kutokea!"

Wiki tatu baadaye jengo likaporomoka.

Lilikuwa la ghorofa nne, bado linajengwa, na fundi vigae alikuwa ghorofa ya pili akipanga vigae vya bafuni. Macho alikuwa mitaa miwili tu kutoka pale, akimpiga picha muuza mayai aliyebebesha baiskeli trei kumi na mbili. Alisikia mshindo, akaona vumbi linapanda, akakimbilia kule watu walikokuwa wanakukimbia. Picha aliyoipata ilitoka asubuhi yake, ukurasa wa kwanza. Mama mmoja kapiga magoti juu ya kifusi, kitambaa cha kichwa kimeanguka, mvi zimetawanyika, gauni limepanda mapajani, kiatu kimoja hakipo, na mkono wa kulia kaunyoosha mbele. Chini yake gazeti likaandika: "Mama akimlilia Muumba wake."

Picha ikaruka simu hadi simu. Mama wa watu, mama yake Seremala, akawa hawezi kwenda dukani kununua chumvi bila mtu kumgusa mwenzake ubavuni: si ndiye huyu wa gazetini? Na siku ya mazishi, shangazi yake Seremala alimshika Macho mkono, akamtoa mbele ya umati wote.

"Mama anataka kukuona," Seremala akasema sasa.

Macho akaweka mkasi chini. "Mimi?"

"Wewe. Leo. Shangazi hataki hata kusikia, tumegombana tangu asubuhi. Lakini mama kasema nikulete, na mama akishasema, basi."

"Kasema kwa nini?"

"Hajasema." Akasogea, akajipangusa viganja kwenye suruali kama mtu anayetaka kushika kitu cha thamani. "Nimewaeleza, Macho. Nimewaambia hukumjua. Vumbi limetanda, watu wamejaa, mwenyewe kajaa saruji kichwa hadi miguu. Utamtambuaje mtu uliyemwona mara tatu? Ulimpiga kama unavyopiga watu wote. Ulipokuja kujua, gazeti lilishatoka. Si ndivyo?"

Macho akaanza kuzoa vipande vya karatasi mezani.

"Si ndivyo?" Seremala alirudia, na sauti yake haikuwa ya kuuliza. Ilikuwa ya kuomba.

"Twende," Macho akasema. "Twende nikamwone."

Seremala akaridhika na hilo. Akamshika uso kwa mikono miwili, ile mikono yenye makovu ya misumeno, na Macho akafumba macho. Siku kumi na moja alikuwa ameililia mikono hiyo.

"Naongea na wewe peke yangu karakanani kama kichaa," akamnong'oneza. "Juzi mteja kaniuliza bei ya meza, nimemjibu kwa jina lako. Mwambie tu hivyo nilivyokwambia. Neno moja, Macho, turudi kuwa watu."

Alipofunga studio, Macho alinyoosha mkono kwenye msumari inapokaa kamera, kwa mazoea. Akaona Seremala anautazama ule mkono. Akaurudisha.

Nyumbani kwa mama, viti vya plastiki vya msiba vilikuwa bado vimepandanishwa ukutani, havijarudishwa vilikoazimwa. Shangazi alikuwa amekaa kwenye ngazi za mlangoni na ungo wa mchele mapajani. Mwanamke mnene, dada wa marehemu baba yao, na katika ukoo ule ndiye aliyesema mambo ambayo wengine waliyafikiria tu.

"Shikamoo, shangazi."

Shangazi akatoa punje moja yenye ganda, akaitupa. Hakuitika.

"Shangazi," Seremala akasema, "umesalimiwa."

"Nimesikia. Masikio yangu mazima, waliokufa ni wengine." Akainua macho. "Jicho lako la kioo umeliacha wapi leo? Au limo mfukoni? Subiri nivae vizuri basi, nisije nikatoka gazetini na ungo."

"Nimekuja mikono mitupu, shangazi."

"Mikono mitupu ungekuja nayo siku ile."

"Shangazi, tafadhali!"

"Usiniambie tafadhali, baba! Mama yako ana miaka sitini na mbili. Mimi wifi yake sijawahi kuona goti lake. Leo hata muuza mkaa kaliona! Halafu unaniletea huyu hapa nimpe kiti?"

"Mwacheni aingie." Sauti ya mama ilitoka ndani, ndogo, imekauka. "Peke yake. Nyie bakini huko huko."

Mama alikuwa kwenye chumba cha kitinda mimba, ameketi ukingoni mwa kitanda, nguo za marehemu zimemzunguka. Alikuwa akizikunja na kuzipanga. Suruali moja aliiweka kando. Ilikuwa na saruji iliyoganda magotini, na ilionekana wazi kwamba hiyo haifuliwi.

"Kaa."

Macho akakaa sakafuni. Kiti kilikuwepo, hakuweza kukikalia.

"Mwenzio kaniambia hukunijua," mama akasema. "Kanieleza vizuri sana. Vumbi, watu, yote. Nikamwacha amalize." Akakunja shati, akalilaza pajani na kulipapasa mikunjo. "Nilipofika walikuwa wanamtoa. Niliona viatu kwanza. Nikageuka kutafuta uso wowote ninaoujua. Watu wote wale, sikuona hata mmoja; kaka yake alishafukuzwa pale na wachimbaji wenzake. Mara nikakuona wewe. Nikasema moyoni, afadhali, mtoto wangu yupo. Nikanyoosha mkono, nikakuita."

Nje, mchele ulikuwa ukipepetwa. Shhh. Shhh.

"Nilikuita nani?"

"Mwanangu," Macho akasema. "Uliniita mwanangu."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

"Kwa hiyo ulisikia."

"Nilisikia, mama."

Mama akatikisa kichwa polepole. Hakupiga kelele. Macho angetamani apige kelele, amrushie hata kiatu, apate la kuinamia. "Sikuwa namlilia Muumba," mama akasema. "Yeye nilimlilia baadaye, nyumbani. Pale nilikuwa nakuita wewe, uje unishushe gauni. Unishike tu. Kwa nini hukuja?"

Siku kumi na mbili Macho alikuwa amelikimbia swali hilo. Alikuwa na majibu mengi ya wapigapicha: kazi ni kazi, mji una haki ya kuona, bila picha watu wangesahau. Yote aliyafikia, yote yakamnukia vibaya.

"Niliogopa," akasema. "Nikiweka kamera usoni, mama, kitu kinakaa kule na mimi nakaa huku. Nilijua nikiishusha nitakuwa pale pamoja na wewe. Nikaogopa kuwa pale. Nikapiga, nikapiga tena, na tena. Nilipoishusha wanaume wawili walishakushika."

"Halafu ukaipeleka gazetini."

"Nikaipeleka. Mhariri akanipigia, akasema kesho ukurasa wa kwanza. Nikasema sawa."

"Sawa," mama akarudia, kama anayelionja neno. Kisha akasema, "Na mimi niliogopa. Ila sikuwa na kitu cha kuweka usoni."

Macho akainama, machozi yakaanza kudondoka sakafuni. Mama akamwacha alie. Akakunja fulana mbili zaidi.

"Nataka kukuuliza jambo jingine. Picha za simu za mwanangu zimekwenda na simu yake, imesagika. Zilizopo ni za shule, ana miaka kumi, meno hayajapangika. Nataka moja akiwa mkubwa, anacheka. Wewe unapiga mji mzima. Unayo?"

Hilo ndilo lililomvunja Macho kuliko yote. Kwa sababu fundi vigae alimwomba, si mara moja wala mbili. Alikuja studio na shati jipya, akajichana mbele ya kioo, akasema, shemeji, nipige na mimi nionekane Jumamosi, wasichana wajue nipo. Naye alimjibu huku akihesabu betri zake: wewe upo tu, wewe nitakupiga siku yoyote.

"Sina, mama."

"Hata moja?"

"Nilizonazo ni za siku ile."

Mama akafumba macho kwa muda. Alipoyafumbua alikuwa amezeeka zaidi, na sauti ikatoka ya mtu aliyeshafanya uamuzi na kuchoka nao. "Basi sikiliza. Haya uliyoniambia sijamwambia mtu, na sitamwambia. Nimezika mmoja, huyu aliyebaki hali, halali, jina lako ndilo linalomtoa kitandani. Sitakuwa mimi wa kumnyang'anya. Nitatoka hapo nje niseme yamekwisha, shangazi yake atanuna mwezi, atanyamaza. Mtaoana. Nitakupokea kama mke wa mwanangu, na nitakutendea haki. Ila lile neno nililokuita siku ile usilitegemee tena. Halimo."

"Mama..."

"Nenda. Nina nguo za kukunja."

Seremala alikuwa akimsubiri getini, mkono kwenye komeo, macho kwenye uso wake. Nyuma yao mama alitokeza mlangoni, akasema kwa sauti ya kusikika, "Yamekwisha. Mtu asimseme tena mtoto wa watu," kisha akarudi ndani. Shangazi akatua ungo chini, akamfuata mbio kwenda kubisha.

Uso wa Seremala ukafunguka. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, Macho aliona meno yake.

"Umeona? Nilikwambia! Neno moja tu!" Akamvuta kifuani, pale pale barabarani, majirani wakiona, na hakujali. "Mama yangu huyo ni chuma, Macho, lakini ukimwambia ukweli anaelewa. Sasa sikiliza. Arobaini ikiisha tunakuja kwenu. Kitanda nimeshaanza, mbao nilizikata kabla ya haya yote, zipo kavu kabisa. Nilikuwa siwezi hata kuzitazama. Kesho naanza kupiga randa."

Macho alikuwa ameweka sikio kwenye kifua chake. Moyo wa mtu mwema ulikuwa ukidunda mle ndani, wa kwake, akitaka. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Angeamka kando ya mtu huyu kila asubuhi. Angesikia mizaha yake. Akajiachia hapo kidogo, akahesabu mapigo kama mtu anayeiba.

"Ulimwambia hivyo hivyo nilivyosema?" Seremala akauliza juu ya nywele zake.

Na hapo akajua hawezi. Kila siku angeulizwa swali kama hilo, kwa maneno mengine, na mwanamume asiyemjua.

"Hapana," akasema. Akajitoa kifuani. "Nilimjua."

"Ulimjua nani?"

"Mama. Siku ile. Nilimjua kabla sijapiga. Alinyoosha mkono kwangu, akaniita mwanangu, mara mbili. Nikasikia. Nikapiga picha tatu."

Tabasamu la Seremala halikuondoka mara moja. Lilibaki pale usoni bila mwenyewe, kisha likaanza kushuka. "Unasema nini wewe?"

"Mama anajua. Alijua tangu siku ile. Amekuficha kwa sababu anakupenda."

"Kakusamehe?"

"Hapana. Amekuachia tu."

Pikipiki ikapita, ikawapigia honi wapishe. Hawakusogea. Dereva akawazunguka huku akisonya.

"Kwa nini unaniambia?" Seremala akauliza, na sauti ikavunjika katikati. "Alishakuficha, Macho! Mimi nilikuwa na furaha dakika mbili hizi tu. Dakika mbili! Kwa nini hukuniacha?"

"Kwa sababu ulikuwa unamkumbatia mtu mwingine."

Seremala akageuka, akashika geti kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kati ya mikono. Mgongo wake ukapanda na kushuka. Macho akanyoosha mkono amguse, mkono ukaishia hewani. Seremala alipogeuka, macho yalikuwa mekundu lakini makavu, akamtazama kama anavyotazama ubao anaotaka kujua kama umeoza ndani.

"Nikuulize kitu kimoja. Ukinijibu vizuri, Mungu ananiona, nitaingia mle ndani nimpigie mama magoti, na shangazi, na yeyote, na tutayamaliza." Akavuta pumzi. "Ningekuwa mimi. Wanatoa maiti yangu mimi, na wewe umesimama pale na kamera. Ungepiga?"

Macho akafungua mdomo.

Hapana, alitaka kusema. Hapana, mpenzi wangu, wewe ningekukimbilia, ningekufukua kwa kucha. Neno lilikuwa moja na fupi. Lakini alijitazama mwenyewe pale, kwenye vumbi, na kweli ilikuwa kwamba hajui. Akalitafuta jibu kwa uaminifu wote aliokuwa nao, na lilichelewa. Labda sekunde tatu. Labda nne.

Seremala akatikisa kichwa, mara moja, taratibu, kama mtu aliyesomewa barua aliyokuwa akiijua.

"Haya," akasema.

"Ngoja. Nisikilize, mimi..."

"Haya, Macho. Nimesikia."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha. Akaingia, akarudisha geti taratibu, komeo likateleza mahali pake. Macho akasikia nyayo zake zikivuka ua, zikapanda ngazi. Akasikia mlango. Kisha sauti ya shangazi, kutoka dirisha lililo wazi.

"Ameondoka?"

"Ameondoka," Seremala akajibu.

Na Macho alikuwa bado amesimama pale getini.